Uzio Yako Nimeing'oa, na Umusambi Imekuja

Anastazi,

Ni mi, Petero. Usishangae mukono hii, ni yangu. Najua huko uko unajiuliza, "Nani amemwandikia huyu muzee?" Hakuna mutu ameniandikia. Niko peke yangu, na biki yangu ya kuandikia, kwa meza ya Koleta muke wako, na kaye ni ile daftari yako ya kuhesabia, zile kurasa za nyuma uliziacha nyeupe.

Nilitaka kuanza na salamu kama watu wenye adabu, niulize hali, kisha polepole nifike kwa habari. Siwezi. Habari inanichoma kinywa kama kiazi ya moto. Umusambi imerudi, Tazi. Ndege murefu ile ya taji kichwani, ile tunaigiza kwa ngoma na mikono juu. Haikuja moja, zimekuja mbili, dume na jike. Zimetua Ku Mashimo, kwa kilima yetu, kwa maji ya shimo ya chini, zimejenga, na ndani iko mayai mbili. Sikuambiwa na mutu. Nimeona na macho yangu haya, yale ulisema hayaoni kitu kupita mudomo ya chupa.

Kaa sasa. Kama huko iko kiti, kaa. Nitakupangia yote, na iko kitu moja ndani yenye haitakufurahisha, lakini hiyo nitaisema wakati yake. We unanijua, mi siharakishwi.

Kwanza nikuambie vile nimepata hizi herufi. Ulipokufa, nilibaki na kopo zetu tatu za maharagwe na kaye, na hakuna wa kuandika. Mwezi ya kwanza nilipanda kilima, nikahesabu karé zote kumi na mbili, vile vipande tulipima na kamba, nikarudi na mufuko umejaa, nikamwaga maharagwe kwa meza, nikayaangalia. Nayo yaliniangalia. Koleta akasema, "Unangoja yajiandike?" Nilikasirika sana. Kesho yake nikaenda kwa darasa ya watu wazima, nyuma ya kanisa. Wamama kumi na nne na mi. Walicheka mpaka mwalimu akacheka. Bon. Leo uliza wao nani ni wa kwanza. Ni mi. Mama mumoja tu ananipita kwa kusoma, na huyo ni juu miwani yake ni muzuri.

Sasa nafika kwa kilima. Koleta amesema atasoma hii, na ameniomba niandike toka mwanzo kusudi hata wajukuu waelewe. Basi we vumilia, unayajua.

Mi na we tulichimba ile kilima tukiwa vijana. We ulikuwa unaosha mawe kwa mufereji, mi nilikuwa kapita, musimamizi, nahesabu na kokoto vikapu ya mawe ya bati: kikapu moja, kokoto moja kwa mufuko. Hata siku moja sikukosea. Hata muzungu wa ofisi alisema hivyo, na alikuwa na mashine. Kisha bei ya bati ilianguka, kampuni ikafunga, watu wa ofisi wakapakia magari, wakaenda. Walituachia kilima yenye imechunwa ngozi. Mashimo, mawe, udongo nyekundu, hata muchwa haikutaka kuishi pale. Na kila mvua, matope yanashuka. Yalipita shamba yako ya maharagwe, yalipita kuku, yakaingia kwa nyumba yako, yakamukuta Koleta amelala na mutoto. Ulichota matope ndani ya chumba na sahani. Nilikuwa pale, nilishika taa. Tangu siku ile we hukuongea kitu ingine isipokuwa kilima. Mi nilikwambia kilima imekufa. Ulisema, "Mutu akichunwa ngozi, unamufunika. Humwambii umekufa."

Ndiyo tulipata kazi na bwana mumoja wa miche, agronomu, mutaalamu wa kupanda. Alileta magari ya udongo mweusi, tukajaza mashimo yote isipokuwa ile ya chini, yenye ilikuwa na maji. Tukapanda. Na alituonyesha karé: unapima hatua kumi na hatua kumi, unafunga kamba kwa vijiti ine, na kila mwezi unaingia ndani na unahesabu. Majani mazuri ngapi, miti ngapi, magugu ngapi, na kama iko alama ya kitu yenye kutembea au kuruka. Alisema namna ile ndiyo tutajua kama kilima inapona ao inatudanganya. Siku ya mwisho yake alituambia, "Hesabuni kile kinaota chenyewe. Kile mumepanda na mikono, musihesabu." Haya maneno uyakumbuke. Yatarudi.

Yeye alitaka tuandike palepale ndani ya kamba. Mi nikasema hapana, tutafanya kikapita. Haragwe nyekundu ni majani mazuri, nyeupe ni miti, nyeusi ni magugu, na punje ya mahindi ni nyama ya pori ao ndege. Mi naingia na mufuko, natupa punje, we unakaa kwa jiwe yako na kaye, unangoja. Ukiandika ulikuwa unatoa ulimi, Tazi. Ulimi ilikuwa inafuata biki kutoka mukono ya kushoto mpaka mukono ya kuume. Nilikucheka miaka yote. Sasa Koleta ananicheka mi, anasema yangu inatoka zaidi.

Unakumbuka punje ya kwanza ya mahindi? Karé ya ine, mavi ya sungura. Mi ndiye niliyajua. We ulisema ni ya mbuzi mudogo. Nikayapasua na kidole, nikakuonyesha majani makavu ndani, nikakuuliza, "Mbuzi gani anatafuna namna hii?" Ukakubali, ukaandika. Kisha vyura wakaja kwa shimo ya chini. Kisha nguchiro. Kila punje we unasimama kwa jiwe kama mutu ameitwa na serikali. Na kila siku unasema, "Bado umusambi." Baba yako alikuwa anakuambia ya kwamba bonde yote ile ilikuwa ya umusambi mbele ya machimbo, na we mutoto ulizifuata mikono juu, unazirudisha ngoma zao. Mi nilikwambia, na watu walisikia, "Siku umusambi itatua Ku Mashimo, mi Petero nitacheza mbele ya watu."

We unajua mi sijawahi kucheza. Hata siku ya ndoa yangu. Watu wanadhani ni juu ya muguu yenye vagoneti, ile gari ya reli ya machimbo, ilivunja. Muguu ilivunjika nikiwa na miaka thelathini, ndoa ilikuwa imeshapita. Sikucheza juu sikutaka.

Sasa uzio.

Mbuzi za watu zilikuwa zinapanda kula miche, na hatukuwa na waya. Ndipo ulimutuma Koleta kwa dada yake Goma, kule Kongo, kuleta vipande ya lantana, ile kichaka ya miiba, yenye maua inaanza njano inamaliza nyekundu kwa shada moja. Ilikuwa imezunguka nyumba muzima ya dada na mbuzi hata moja haikuingia. Koleta alipita mupaka, pale Petite Barrière, na muzigo wa miiba kichwani, wakati wenzake wanapitisha sukari na vitenge. Mutu wa dwani, wa forodha, alifungua, ikamuchoma, akasema, "Mama, wewe unafanya magendo ya shida?" Tulicheka wiki mbili. Tukapanda kuzunguka karé ya saba, ile iko juu ya shimo ya maji, maana huko ndiko njia ya mbuzi. Ikashika. Ulikuwa unaipenda, Tazi. Ulisema ni kitu moja ya kilima ile yenye iliota bila kutuomba.

Vita ilikuja, tulienda Goma, tukarudi. Hayo we unayajua na mi nayajua, sitayaandika hapa. Tulipotoka Goma, nyumba yako ilikuwa bila mabati, yangu bila mulango, lakini vijiti ya karé vingi ilikuwa bado imesimama. Ulilia kwa vijiti, hukulia kwa mabati. Na lantana ilikuwa imekua kupita mutu. Imetoka kwa mustari, imeingia ndani ya karé, imeshuka mpaka kwa maji.

Mi sikuihesabu. Sasa nasema wazi. Ule bwana alisema kile mumepanda musihesabu, na uzio tulipanda. Na watoto wa uzio? Nilijiambia mutoto wa uzio ni uzio. We ulikuwa umekaa kwa jiwe chini, kifua tayari inakusumbua, hupandi tena. Mi napanda, naingia, natoka na haragwe nyeusi mbili ao tatu. Unaniuliza, "Magugu ni hiyo tu?" Nakujibu, "Ni hiyo tu." Na unaandika na ulimi nje, unafurahi.

Na ile asubuhi ya mwisho. Koleta ameenda kuchota maji, mi nimekushika mugongo kusudi upumue. Hukuuliza habari ya watoto, hukuuliza habari ya Mungu. Uliniuliza, "Karé ya saba?" Nikasema, "Imejaa." Ukafunga macho, ukasema, "Imejaa." Ukafurahi. Na ukaenda na hiyo.

Sikukwambia imejaa nini.

Hiyo ndiyo ile kitu. Nimeiandika. Nilienda nje kidogo, nimerudi, chai imepoa. Naendelea.

Mi mwenyewe nilikuzika, na mi mwenyewe nilipanda juu yako kipande ya lantana. Nilisema mbele ya watu wote, huyu ndiye aliifunga kilima, basi atalala ndani ya uzio yake. Watu walisema Petero amesema vizuri. Mi nasemaga vizuri.

Mvua moja ilipita. Ndipo alikuja agronomu mupya. Ni mwanamuke, Tazi, kijana, anaitwa Viviana, wazazi wake walikimbilia Tanzania zamani na yeye alizaliwa huko, anaongea ile Swahili ya kitabu. Alinisalimu, "Shikamoo mzee." Sikujua wanajibu nini, nikasema bonjour. Alivaa buti za kiume. Aliniambia komine, ofisi ya serikali ya hapa, itatuma komisheni kuangalia kilima. Kama kilima imepona, itafungwa, hakuna kuchimba tena, na wamama wa hapa Rugerero watakata majani pale kwa ngombe zao. Kama haijapona, basi ni ardhi bure, na iko watu wako tayari na sururu, juu sasa kuna bei ya ile muchanga mweusi yenye sisi tulikuwa tunatupa. Watapasua upya. Na chini ya kilima iko nyumba ya nani? Ya Koleta.

Nikamwambia, mwanangu, usiogope, kilima ni muzima, mi ndiye daktari yake. Nikamupa kaye. Alisoma yote, amesimama, hakukaa hata kwa jiwe yako. Kisha tukapanda. Kufika karé ya saba akaangalia lantana, akaangalia kaye, akaniangalia mi.

"Mzee, humu umeandika magugu matatu."

Nikamujibu ile si magugu, ni uzio.

"Na lile kule chini?"

Uzio.

"Na hili lililoinamia maji?"

Nikasema, mama, hiyo pia ni uzio.

Akapumua. Akasema, "Mzee wangu, uzio hauruki."

Nilikasirika, Tazi, kama sijakasirika tangu vagoneti. Nikamwambia yeye hajazaliwa wakati mi nahesabu vikapu ya kilima hii. Nikamwambia ile iliwekwa na mikono ya mutu mwenye akili kupita watu wa prefegitire yote, jimbo muzima. Akanijibu bila kupandisha sauti ya kwamba hana shida na aliyepanda, shida ni kilichopandwa. Ile ni gugu la sumu, ngombe ikila inakufa, na chini yake jani haioti. Akapiga magoti, akavua buti moja, akatia mukono ndani kusudi miiba isimuchome, akafungua kichaka, akasema, "Njoo uone." Sikuenda. Nilimuachia kaye kwa jiwe na nikateremuka na muguu yangu mbaya, siangalii nyuma. Siku tatu sikusalimia mutu.

Siku ya ine mvua ikanyesha, ile ya mangaribi, nzito. Na asubuhi nikapita kwa Koleta kuomba moto ya kiko, nikamukuta amesimama kwa mulango na fagio. Matope ilikuwa kwa kizingiti. Kidogo, kama ya kidole mbili. Lakini nyekundu. Ile nyekundu yetu. Tangu tupande hatukuiona kwa nyumba ile. Koleta alifagia tu. Ningependa angenitukana.

Nikapanda peke yangu. Nikaenda karé ya saba, nikapiga magoti pale Viviana alipiga, nikafungua kichaka. Chini ilikuwa tupu, Tazi. Udongo wazi, kama siku kampuni ilienda. Juu maua, nyuki, vipepeo, mutu akipita mbali anasema ajabu gani, na chini maji imechimba mufereji murefu kama mukono yangu, inashuka moja kwa moja kwa nyumba yako. Kilima haikutudanganya. Mi ndiye nilidanganya, kwa kilima, kwa kaye, na kwa we ukiwa unakufa.

Nilibaki pale mpaka magoti ikauma. Kisha nikaenda kwa Koleta. Hiyo ndiyo ilinitisha kupita yote. Namna gani nitamwambia mujane naenda kung'oa kazi ya bwana yake, kitu alileta yeye mwenyewe kichwani toka Goma? Nilizunguka. Niliongea habari ya jua, nikaongea habari ya bei ya chumvi. Mwisho nikasema. Akaweka chini kikapu ya mboga, akasema, "Petero. Ile miiba ilinitoboa kichwa toka Goma mpaka hapa. Mbegu zake nang'oa kwa maharagwe yangu kila siku. Nilimwambia Anastazi, akasema ni nzuri. Nilikuwa nangoja kati yenu wawili mumoja apate akili, sikujua itakuwa we." Na akaniletea panga.

Ule mwanamuke, Tazi. Na we ulilala naye miaka arobaini, hukumusikia.

Tulianza kiangazi. Mi, Koleta, wamama wanane wa darasa yangu, na Viviana na buti zake. Mi nilikuwa wa mbele, andika hiyo. Lantana huwezi kukata tu, ukikata inacheka, inarudi mara mbili. Unakata, unafuata muzizi na jembe, unaitoa yote, unakausha kwa jua ikiwa haijazaa mbegu, unachoma. Mikono yangu ilikuwa kama nimepigana na paka kumi. Wamama waliimba, mi niliwaambia waimbe kidogo na wang'oe sana. Siku tatu kwa kamba ya karé, na wiki muzima mpaka kwa maji. Pale palibaki wazi tukapandikiza mashina ya urubingo, yale majani marefu ya ngombe, kwa mustari, kuzuia udongo, na katikati majani ile fupi ya kutambaa. Nilimwomba Viviana kaye yangu. Alikuwa ameilinda ndani ya plastiki. Nikafungua ukurasa, na mukono yangu mwenyewe, biki yangu, nikaandika karé ya saba upya. Haragwe nyeusi hazikutosha kwa kopo. Nilienda kuomba ingine kwa jirani.

Niliziandika zote. Viviana aliangalia, hakusema pole, hakusema vizuri. Alisema, "Sasa tunajua tulipo." Mi nafikiri atafika mbali yule, kama atajifunza kukaa chini.

Mvua ya kwanza majani ilishika. Mvua ya pili ilifunga. Kwa kizingiti ya Koleta hakuna kitu, hata tone. Na shimo ya chini, sasa lantana imetoka, ilifunguka: maji inaonekana, kandokando majani ya maji, na uwazi pande zote. Hapo ndipo zilikuja.

Ilikuwa saa moja asubuhi, niko ndani ya karé ya saba, nimeinama, natupa haragwe nyekundu. Nikasikia ile sauti. Uuu-wan. Uuu-wan. Nilidhani ni masikio yangu. Nikainua kichwa. Zilikuwa zinashuka pamoja, miguu imening'inia, polepole, kama wageni wenye hawajui kama wako kwa nyumba ile walialikwa. Zikatua. Zikatembea. Kichwa ile ya taji inaenda mbele, inarudi, na dhahabu inashika jua. Mi nilibaki nimeinama vile, haragwe mukononi. Mugongo ilikuwa inalia, nikaiambia nyamaza. Kisha moja ikafungua mabawa, ikaruka kidogo, ingine ikainamisha kichwa, ikaruka. Zilikuwa zinacheza, Tazi. Kwa maji yetu. Nilitaka kukuita. Nilifungua kinywa kabisa, nikageuka upande wa jiwe.

Bon.

Nilitupa punje mbili za mahindi ndani ya mufuko. Moja ilianguka, nikaitafuta ndani ya majani mpaka nikaipata. Nimeandika: umusambi, mbili. Angalia ukurasa ile, iko na doa. Ni umande.

Komisheni ilikuja wiki iliyopita. Wanaume watatu, moja na tai, na viatu ya kanisani. Viviana aliwapeleka karé kwa karé na kaye yetu. Pale yule wa tai alifika kwa ukurasa wa haragwe nyeusi akauliza, juu gani magugu matatu ilikuwa mia na zaidi kwa mwezi moja. Viviana akaniangalia. Nikasema, "Mukubwa, magugu ilikuwa pale tangu zamani. Aliyehesabu alikuwa muongo, na muongo ni mi. Hesabu hii ya sasa ni ya kweli, unaweza kuingia ndani ya kamba uhesabu." Na akaingia, Tazi, na viatu zile. Alihesabu mustari mbili, akachoka, akapata sawasawa na mi. Bila shaka.

Kisha tukawaonyesha shimo ya chini, toka mbali, kimya. Ndege moja imelala kwa mayai, ingine inalinda. Yule wa tai alivua kofia. Alisema kwa Kinyarwanda, polepole, kama mutu mwenye anaongea na bibi yake, ya kwamba tangu utoto hakuona. Walitia saini palepale, juu ya jiwe yako. Kilima imefungwa. Hakuna sururu.

Na Koleta, mbele ya watu wote, mbele ya komisheni, akasema na sauti kubwa, "Petero, si uliahidi kitu?"

Nilijifanya sisikii. Wamama wakaanza kupiga makofi. Viviana alikuwa amekaa chini, mara ya kwanza, anacheka. Sasa ningefanya nini? Mi ni mutu wa neno moja. Nikaweka fimbo, nikainua mikono, namna hii, pana, kama zile ndege, kama we ulikuwa unafanya. Muguu mbaya ilisema hapana, nikacheza na ile ingine. Nilicheza vizuri. Uliza mutu yeyote. Wanasema hawajaona muzee anacheza umusambi namna ile, na mi naamini.

Nilidhani ile ndiyo mwisho, ndiyo nilitaka kukuandikia, nimalize na furaha. Lakini jana niliingia karé ya saba, nikakuta lantana. Ndogo, majani ine, ya kidole. Kisha ingine. Kisha sita. Nikasema imetoka wapi, tumeng'oa yote, imebaki ile ya dada Goma tu. Nikakaa kwa jiwe yako nikaangalia. Ndege ndogo zile za kichwa nyeusi zinapanda toka chini, zinatua kwa vijiti ya karé, zinaacha mavi, zinashuka. Nikazifuata na macho. Zinashuka mpaka kwa migomba, mpaka kwa kaburi yako. Zinakaa juu ya musalaba, zinakula matunda nyeusi kwa ile kichaka nilipanda mi. Imekuwa kubwa. Iko na maua mingi. Ni ya mwisho kwa kilima yote, na imelala juu yako, na mi ndiye nilisema mbele ya watu itakaa pale.

Nilimwambia Koleta. Akasema, "Unajua kazi yako."

Basi, ndugu yangu, nakuaga hapa, maana biki inaanza kukwaruza. Uliniuliza kitu na mi nilikujibu nusu. Jibu ni hii, imeandikwa na mukono yangu, na Viviana ameiangalia: karé ya saba, majani imejaa, miti kumi na moja, magugu sita, na hizo sita nimeng'oa mbele ya kuandika barua. Imejaa, Tazi. Sasa unaweza kulala na hiyo.

Kesho asubuhi nakuja na jembe. Nitaitoa na muzizi wake wote, na pale nitakupandia muche ya umuko, ile ya maua nyekundu yenye babu zetu walijua, nimeshaichagua, imenyooka kama mi. Kila mwezi, mbele ya kupanda kilima, nitapita kwako kwanza na mufuko. Utakuwa karé ya kumi na tatu. Na nitahesabu ya kweli.

Ukisikia jembe juu yako, usiogope. Ni mi.

Petero, kapita